Mwaka wa Mihuri Miwili

Habari ya kifo cha Bi Nuru iliponifikia, jambo la kwanza nililoliwaza halikuwa Bi Nuru. Nilikuwa jikoni kwangu Bunju napepeta mchele, simu ikalia, ujumbe umeingia kwenye kundi letu la watu wa zamani wa Tupo: Bi Nuru wa Tandale katangulia mbele ya haki alfajiri hii, mazishi saa kumi. Mwanamke aliyenilisha miaka sita, aliyenifunga kanga kiunoni siku niliyopanda jukwaani mara ya kwanza, amefariki, na mimi nimesimama na ungo mkononi nawaza kama Rehema atakuja, na akija atakuwa amevaa nini. Nina miaka arobaini na tisa. Nina wajukuu wawili. Nilidhani kijiba cha roho huzeeka pamoja na mwenyewe, kumbe wapi. Nilibadilisha gauni mara mbili kabla ya kutoka, na nilikuwa naenda msibani, ambako kila mwanamke hujitanda kanga mpaka gauni lenyewe halionekani.

Tupo Sanaa Group kilikuwa kikundi cha ngoma, maigizo na sarakasi, watu ishirini na tano hivi, pale Tandale, hatua chache kutoka sokoni. Ukumbi wetu ulikuwa ghala la zamani la Ami Nasoro, mzee wa Kiarabu mwenye duka la jumla, ambaye alijenga ghala jipya akatuachia lile bovu kwa sharti moja tu, tusipige ngoma wakati wa swala. Mchele ulikuwa umehama lakini vumbi lake lilibaki. Lilikuwa kwenye kuta, kwenye nyufa za sakafu, kwenye ngozi za ngoma. Ukiruka, nalo linaruka, na mazoezi yetu yote yalikwenda kwa chafya. Mlangoni palikuwa na jiko la Bi Nuru, mama ntilie wa wapagazi wa sokoni, ambaye alituhesabu na sisi kuwa wapagazi wa aina nyingine. Mchana alitupakulia wali na maharage kwenye masinia mawili, tukakaa chini kuyazunguka, na ukoko wa sufuria aliutoa mwisho, kipande kimoja kikubwa cha rangi ya kahawia, akampa mtu mmoja aliyemtaka yeye. Hakuna aliyeuliza kwa nini fulani kapewa. Lakini mimi niliweka kumbukumbu. Kwa miaka mitano, kama siku tatu katika kila wiki, ukoko ulikuwa wangu.

Nilikuwa katibu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, simu zilikuwa zile za tochi na si kila mtu alikuwa nayo, kwa hiyo barua ilikuwa barua kweli. Niliandika mihtasari ya vikao kwa kalamu mbili, nyeusi kwa maneno na nyekundu kwa vichwa vya habari, nikapiga mistari kwa rula. Mwanzilishi na mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Mkude, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Morogoro, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona mahali pengine popote. Muhuri wa kikundi, wa duara, wenye picha ya ngoma katikati, ulikaa kwa katibu. Pedi ya wino ilikaa kwa mwenyekiti. Maana yake hakuna barua iliyoweza kutoka bila watu wawili kukaa meza moja. Kila Ijumaa baada ya mazoezi mimi nilifungua leso yangu nikatoa muhuri, yeye akafungua mkoba wake akatoa pedi, akaipulizia pumzi kidogo kama mtu anayesafisha miwani, nami nikagonga. Nilizipenda sana zile Ijumaa. Mwaka ule Mwalimu alikuwa anastaafu na kurudi kwao, na nilijua bila kuambiwa na mtu kwamba pedi ingekuja kwangu. Nilikuwa nimeshachagua hata upande wa kuhamishia meza.

Rehema alikuja mwezi wa kwanza. Alitokea Ukonga, kwenye kota za magereza, na mfuko mmoja wa rambo na kicheko ambacho ungekisikia ukiwa barabarani. Nataka niseme jambo, na nalisema nikiwa na akili zangu: hakuwa mchezaji mzuri kuliko mimi. Kiuno chake kilikuwa cha kawaida. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alichokuwa nacho sikuwahi kujua nikiiteje, na labda ndiyo sababu kilinisumbua, maana kitu kisicho na jina huwezi kukifanyia mazoezi. Aliingia siku ya kwanza akaketi karibu na Bi Nuru akaanza kuchagua mchele naye, hakuombwa. Wiki ya pili alijua mama wa nani kalazwa na nani kagombana na mumewe. Mimi nilikuwa na majina yao yote kwenye daftari, kwa mpangilio wa herufi, na anwani zao, lakini walipokuwa na jambo walimwambia yeye. Mwezi wa tatu niliona kwamba sinia likiwekwa watu hawaanzi kula mpaka Rehema akae. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mikono ilikuwa inangoja tu. Na ukoko ukaanza kwenda kwake, mara moja kwa wiki, kisha mara mbili, kisha siku moja niliona Bi Nuru anausogeza upande ule hata kabla hajaangalia nani yuko wapi. Leo nikimsimulia mtu, ananicheka, mtu mzima kuumia kwa ajili ya wali ulioungua. Basi niliumia. Nilikosa usingizi kwa ukoko.

Mchana mmoja wa mwezi huo nilikuwa nyuma ya pazia la magunia tulikotundika mavazi, napanga mikanda ya njuga. Mwalimu alikuwa mlangoni anakula, na Bi Nuru anaosha vyombo. Walikuwa wanazungumza polepole, nami sikuwa na nia ya kusikiliza mpaka niliposikia jina langu.

"Mwanaidi hajambo," Mwalimu alisema. "Barua zake hata huko ofisi ya utamaduni wanazisifia."

"Kazi anaijua, simnyimi haki yake," Bi Nuru akasema. "Ila Mwalimu, ukimwachia yule mtoto hiki kikundi, siku ukija kututembelea utalikuta ghala limefagiliwa vizuri, limepangwa vizuri, hamna mtu ndani."

Nilingoja Mwalimu acheke. Angecheka ningesamehe yote. Nilimsikia anakwangua sahani, halafu akasema, "Nami ndo ninachowaza." Wakahamia kwenye habari ya bei ya nyanya. Mimi nilibaki na njuga mapajani, nimezishika zisilie. Sikulia. Nilichohisi hakikuwa huzuni, kilikuwa kitu cha moto chini ya shingo, na hakikumwelekea Bi Nuru aliyesema wala Mwalimu aliyekubali. Kilimwelekea Rehema, ambaye wakati huo alikuwa sokoni na mtungi wa maji kichwani, anawachekesha wapagazi, hajui lolote.

Mwalimu hakuamini kura za karatasi. Uchaguzi wa Tupo ulikuwa wa mstari, kama alivyowachagulisha wanafunzi wake viranja. Wagombea wanasimama mbele, uso ukutani, na kila mwanachama anakwenda kusimama nyuma ya yule anayemtaka. Kugeuka marufuku mpaka hesabu iishe. Tulisimama wawili, mimi kulia, Rehema kushoto, mwezi wa nne, mvua imekatika muda huohuo na bati bado linadondosha. Pua yangu ilikuwa karibu na ukuta kiasi cha kunusa pumba. Watu hawajui ukatili wa mstari ule. Karatasi inaficha, lakini mtu aliyecheza na wenzake miaka mingi anawajua kwa miguu. Nilizisikia raba za vijana wa sarakasi zikipita kwenda kushoto, zote, kwa pamoja. Nilisikia kobazi za mzee wa marimba zikija kwangu, nikashukuru. Kisha nikasikia ndala za Chiku. Chiku alikuwa shoga yangu, tulikuwa tunalala kitanda kimoja tukisafiri, na ndala yake ya kulia ilikuwa imeshonwa kwa waya, ikikwaruza. Zilikuja mpaka nyuma yangu. Zikasimama. Halafu zikakwaruza kwenda kushoto.

Hapo ndipo Rehema aliposema, bila kugeuka, "Mwalimu, mie naomba nimpishe dada Mwanaidi. Yeye ndo mkubwa, na kazi anaijua." Nikasikia anaondoka mahali pake, anakuja kusimama nyuma yangu. Nyuma yangu mimi. Mwalimu akamwambia arudi, hapa hatugawi huruma. Tulipogeuka, yeye alikuwa na watu kumi na tisa na mimi nilikuwa na wanne: mzee wa marimba, mzee mmoja wa ngoma, fundi wa mavazi ambaye nilimwandikia barua ya ruhusa kazini kwake, na Mariamu, msichana wa kwaya, ambaye baadaye alikiri kwamba alikuja upande wangu kwa kuwa ule mwingine ulikuwa unavuja. Mwalimu alimkabidhi Rehema pedi ya wino mbele ya wote. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kushindwa ningeweza kukumeza. Kilichonikwama kooni ni kwamba alitaka kunipa bure kitu nilichokuwa nimekisotea miaka mitano, kama mtu anayekupa kiti kwenye harusi.

Miezi minne iliyofuata aliongoza vibaya, na mambo yakaenda vizuri. Vikao vilianza saa nzima baada ya wakati na hakuna aliyenung'unika. Alisahau ajenda, akauliza, "Jamani, tulikuwa na ishu gani nyingine?" na watu wakamkumbusha huku wanacheka. Akikwama alinijia, "Dada, hapa tunaandikaje?" nami namwambia, na kwenye kikao anarudia maneno yangu na kusema wazi kwamba ni ya dada Mwanaidi. Hata kumchukia vizuri hakuniachia nafasi. Ijumaa zetu zikawa za kwangu na yeye. Alikuwa anaipulizia pedi kama Mwalimu alivyofanya, alimwiga kabisa, na kila alipofanya hivyo nilitamani kumpokonya.

Mwezi wa nane likaja tamasha. Vikundi vya mitaa vilikuwa vinachaguliwa kwenda kucheza Bagamoyo siku tatu, na barua ya maombi ilitakiwa ifike ofisi ya utamaduni kabla ya Ijumaa adhuhuri. Kikundi kizima kilichanganyikiwa kwa furaha. Fundi alianza kushona sare kabla hata barua haijaandikwa. Niliiandika mimi, Jumanne, na ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Rehema akasema tuigonge muhuri Alhamisi baada ya mazoezi. Jumatano asubuhi nilifunga muhuri kwenye leso, nikauweka kwenye pochi, nikaenda Bunju kwa shangazi yangu. Bunju ya siku zile ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo, simu unaipandia kichuguu ndipo ishike. Nilituma salamu kwamba nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikaa uani kwa shangazi siku tatu nachambua kunde, nakula mihogo ya nazi, namwaza Rehema amekaa mezani na pedi yake ya wino imefunguliwa, hana cha kuchovya humo. Ilikuwa raha. Nimefika umri wa kutojidanganya, ilikuwa raha tupu, na nilikula vizuri siku zile kuliko nilivyokula tangu mwezi wa nne.

Nilirudi Jumamosi nimejiandaa kusikitika. Rehema alikuja nyumbani na machungwa manne ndani ya kitambaa, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa.

"Pole, dada. Umekonda."

"Barua je?" nikauliza.

"Ilienda. Nilikusubiri wee, nikaona Ijumaa hiyo inaingia. Nikaenda kwa fundi mihuri Kariakoo kanichongea mwingine fasta. Hana vibao vya duara, kanipa wa pembe nne. Si muhuri tu?" Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Ule wetu uko wapi, maana sie tumeutafuta kwenye kabati mpaka basi."

"Nadhani umenipotea," nikasema. Neno lilitoka lenyewe. "Njiani, wakati naumwa."

Akanishika bega. "Usimwambie mtu. Watakusema bure."

Mtu asiyewahi kufungua jalada ndiye anayeweza kudhani muhuri ni muhuri tu. Wiki iliyofuata tuliitwa ofisini, mwenyekiti na katibu. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo, na jalada letu lilikuwa wazi mbele yake. Alikuwa na barua zetu za miaka saba, zote zenye muhuri wa duara, na juu yake ameweka ile ya mwisho. Hakufoka. Aliweka kidole kwenye duara, akakiweka kwenye pembe nne, akauliza ana vikundi vingapi pale. Rehema akasema kimoja, mama. Afisa akauliza wa duara uko wapi. Ulikuwa kwenye pochi yangu, juu ya mapaja yangu, kwenye leso. Nilikuwa nautembeza kila niendako kwa kuogopa kuuacha nyumbani ukaonekana. Ningeingiza mkono tu. Kikundi kingekwenda Bagamoyo, mimi ningeaibika siku mbili tatu, yangeisha. Nilijua yote hayo, nilikuwa na muda wa kuyajua, maana Rehema aliutazama kwanza ule wa pembe nne kabla ya kujibu.

"Ulipotea, mama," akasema. "Ulipotea mikononi mwangu."

Afisa akaeleza, kwa haki kabisa, kwamba muhuri ukipotea unatoa taarifa polisi kwanza ndipo unachonga mwingine, kwa sababu huko ulikopotea mtu anaweza kuutumia. Hawezi kutupitisha mpaka kikundi kieleze kwa maandishi nani aliupoteza na hatua gani imechukuliwa, na orodha ya Bagamoyo inafungwa kesho. Akanigeukia. "Katibu, una la kuongeza?"

"Hapana, mama."

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini nilinyamaza. Watu wangedhani ni woga. Sikuwa na woga. Nilimtazama Rehema akisema uongo kwa ajili yangu, uso umetulia, bila kunitupia jicho la kunikumbusha fadhila, na roho ikaniuma kuliko siku ya mstari. Hata kwenye kosa langu mwenyewe alikuwa amenizidi. Kama ningeutoa muhuri pale mezani, angeonekana yeye mwema na mimi mwizi. Nikaona bora tubaki sote kwenye uongo, angalau humo tunalingana.

Kikao cha kuwaambia watu kilifanyika ghalani, sare mpya zimetundikwa kwenye kamba, za kijani, hazijavaliwa. Rehema alisimama akasema muhuri ulimpotea yeye, tumeikosa Bagamoyo kwa sababu yake, na anaachia ngazi. Chiku alilia kwa sauti. Kijana mmoja wa sarakasi alisema hakuna haja, twende wote tukaombe radhi, na wengine wakaitikia, lakini Rehema alitikisa kichwa. Mimi niliandika muhtasari. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika Kujiuzulu kwa Mwenyekiti, nikapigia mstari kwa rula, na mstari ulinyooka. Katiba yetu ilisema katibu ndiye anayeshika nafasi mpaka uchaguzi, na baada ya yale hakuna aliyekuwa na hamu ya uchaguzi. Pedi ya wino ikaja kwangu. Baada ya wiki mbili nikatangaza kwamba muhuri wa duara umepatikana. Watu walisema alhamdulillahi, kwa unyonge. Bi Nuru alikuwa anapakua.

"Umeupata wapi?" akauliza.

"Chini ya godoro la shangazi, Bunju."

"Chini ya godoro la shangazi," akarudia, akaendelea kupakua. Tangu siku hiyo ukoko aliuloweka ndani ya sufuria na maji, akawamwagia kuku.

Nikawa na muhuri na pedi, nagonga barua zangu peke yangu siku yoyote niitakayo. Watu walianza kuondoka mwezi wa kumi. Hakuna aliyegombana nami. Mmoja alipata kazi, mwingine mguu ulikuwa unamsumbua, mwingine mtoto. Walikuja mmoja mmoja kuniaga kwa adabu, nami nikawaandikia kila mmoja barua ya shukrani yenye muhuri. Rehema alikuwa amehamia Temeke, na nilisikia kwamba anafundisha watoto ngoma kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Sikuuliza barua zangu za shukrani zinaishia wapi. Baada ya mwaka mpya tulikuwa tisa, kisha watano, na mwezi wa nne tena, mvua inanyesha, tulikuwa mimi na Mariamu, tumekaa upande usiovuja. Ami Nasoro alikuja na heshima zake zote akauliza kama anaweza kurudisha mchele. Siku ya kukabidhi funguo nilifagia ghala lote, kona kwa kona, kwa sababu sikuweza kumwachia mtu mahali pachafu, na nilikuwa nimefika katikati nilipogundua ninachokifanya. Bi Nuru alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kuniambia neno. Alinipa sahani ya wali, nikala nimesimama.

Haya yote nilikuwa nayo rohoni nilipoketi msibani Tandale, uani, na wanawake wengine, namenya vitunguu saumu vya pilau ya hitima. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka kuzika. Nilijua Rehema amefika kabla sijamwona, kwa sababu wanawake walianza kusogeza mikeka. Alikuwa amenenepa, buibui la kawaida, kobazi za kawaida, na nyuma yake wasichana watatu wa kituo chake cha Temeke, ambacho siku hizi kina jengo na watoto hata sijui mia ngapi. Aliwapita wote wale, akaja kuketi kwangu.

"Shikamoo, dada Mwanaidi."

"Marahaba."

Alichukua kisu akaanza kumenya. Tulizungumza habari za Bi Nuru, presha yake, watoto wake. Nilikuwa nimeahidi moyoni kwamba siku nikikutana naye nitasema, na nikaona nikingoja zaidi sitasema tena. Nikasema, sauti ya chini, "Rehema, ule muhuri sikuupoteza. Nilikuwa nao kwenye pochi. Hata ofisini nilikuwa nao."

"Muhuri upi?"

Nilidhani ananionea huruma, kama zamani. Nikamtazama. Alikuwa anatafuta kwa kweli, kisu kimesimama hewani. Nikamweleza: Bagamoyo, wa duara, wa pembe nne. Uso wake ukafunguka akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kukumbuka tuko wapi.

"Aaa, ule. Si ndo nikasema umenipotea mie. Dada, wewe bado unao huo mzigo? Mie nilikuwaga natafuta mlango wa kutokea siku nyingi. Mchumba yuko Temeke, kifua kinabana kwa lile vumbi, Mwalimu kanibebesha uenyekiti kwa lazima, naona haya kuwaambia. Ulivyopotea, nikasema basi, Mungu kanifungulia."

Ningependa anipige kofi. Miaka ishirini na minne nimetembea na jambo lile kama mtu aliyeiba, na mwenye mali anasema alikuwa anatafuta wa kumchukulia. Nikamwonea wivu upya kabisa, kwa wepesi aliokuwa nao rohoni, kwa kusahau kwake. Akamwita mmoja wa wasichana wake, binti mrefu mwenye daftari kwapani.

"Njoo umsalimie mama. Huyu ndo aliyekuwa katibu wangu Tandale. Mwandiko wake, hujapata kuuona."

Binti akapiga goti, shikamoo mama, nikaitikia. Na pale, kwenye msiba wa mtu aliyenilisha, na umri wangu, sikuweza kuliacha lipite.

"Baadaye nilikuwa mwenyekiti," nikamwambia binti.

Rehema akanigeukia, ameshangaa kweli, hana ubaya hata chembe.

"Kumbe kile kikundi kiliendeleaga? Mie nilijua kilikufa siku ileile."

"Kiliendelea," nikasema. "Miezi saba."

"Masikini," akasema, akanisogezea vitunguu vilivyobaki.